Mboga ya Kudumu Katika Ardhi ya Mwenzio

Ndugu msomaji, liko jambo dogo lililonifika Nairobi mwaka jana, nami nikalihukumu kwa haraka. Na kwa kuwa haraka ile ilimdhuru mtu, nimeona ni wajibu wangu kulieleza hapa, huenda likamfaa mwengine.

Nilikuwa mgeni Kambi Muru, kimoja katika vijiji vya Kibera. Mama mmoja, mpangaji wa chumba, alikuwa amepanda nyuma ya chumba chake, katika kipande cha ardhi kisichozidi majamvi mawili, nderema iliyotambaa juu ya ua wa mabati, na miche michache ya muhogo aliyokuwa akiichuma kisamvu. Mwenye nyumba akataka vyote ving'olewe, wakanijia wote wawili. Nikamuuliza mama, "Ulipata idhini?" Akanijibu, "Shekhe, mchicha nimepanda miaka miwili wala hakusema neno. Leo nimepanda cha kukaa, ndipo amekasirika." Nikamwambia ya kwamba ardhi ni ya mwenzake, basi ang'oe. Akang'oa siku ile ile bila ya kubisha. Na huko kutobisha kwake ndiko kulikoniondolea raha usiku ule.

Yatupasa kwanza tujue ya kwamba mboga si zote namna moja. Mchicha hupandwa, hung'olewa, na mambo yakaisha katika muda wa wiki chache. Lakini nderema huchumwa ncha zake, nayo ikachipua tena. Kisamvu kadhalika, na matembele, na huku kwetu pwani kwenye joto, mlonge, ambao ukikatwa kilele hutoa matawi mapya ya kufikiwa kwa mkono. Mboga za namna hii hazimtaki maskini anunue mbegu kila msimu. Mtu huzipanda mara moja, kwa kipande cha shina alichoombea kwa jirani, naye akapata kitoweo mwaka hata mwaka. Ila kisamvu chataka kutwangwa na kuchemshwa sana, kwani kibichi kina sumu.

Basi faida ya mboga hizi ni kukaa kwake, na huko kukaa kwake ndiko kunakozusha ugomvi. Hapana shaka watu wa pwani walijua hilo zamani. Mombasa mpaka leo tunayo desturi ya nyumba bila ardhi, mtu akamiliki kuta na mwengine akamiliki kiwanja. Na Unguja, wenye mashamba walikuwa wakiwaruhusu watu kulima muhogo na viazi chini ya minazi na mikarafuu yao, lakini hawakuwaruhusu kupanda miti. Kwa sababu muhogo hung'olewa ukaliwa, na mti husimama ukawa ushahidi. Tena Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 1277, katika Minhaj yake, mlango wa kuuza mashina na matunda, ameyahisabu mashina ya mboga zinazokaa miaka miwili kuwa na hukumu ya miti. Kwa hivyo yule mwenye nyumba hakuwa mjinga. Alitambua ya kwamba mpangaji wake amevuka kutoka mboga akaingia katika mti, hata ikiwa mti wenyewe haufiki kifuani.

Tena mwenye nyumba yule alikuwa na khofu yake mwenyewe. Kibera ilikuwa msitu, nao Wanubi, waliokuwa askari wa Kiingereza, walikalishwa pale tangu miaka ya mwanzo ya 1900. Na mwaka 1918 ikatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Wakajenga, wakalima, wakazikana pale, na hati wasipewe. Tume ya Ardhi iliyokaa baina ya miaka ya 1932 na 1934 iliwahisabu kuwa ni wapangaji kwa radhi ya Serikali tu. Haikupatikana hati ya jumuiya yao ila mwaka 2017, nayo kwa ekari 288. Na wengi wa wenye vyumba katika vijiji vya Kibera, wawe Wanubi au wawe wengineo, wanapangisha vyumba juu ya ardhi wasiyo na hati nayo. Aliyekaa maisha yake yote akiogopa kuambiwa "ondoka", huona katika kila mzizi wa mwenziwe dalili ya kuondolewa.

Lakini khofu si hoja ya kumnyima mtu haki, na hapa ndipo nilipokosea. Nilisimama juu ya hadithi ya Mtume wetu (S.A.W.) iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, ya kwamba mzizi uliopandwa kwa dhulma hauna haki. Hadithi ni ya kweli, ila sikuuliza kwanza kama ile ilikuwa dhulma. Mtu aliyeachwa miaka miwili akilima mbele ya macho ya mwenye mahali, huenda akadhani ameruhusiwa. Na lau tutasema ameruhusiwa, basi katika madhhabu yetu ya Shafi mwenye kuazima ardhi yake ipandwe miti, kisha akarejea katika neno lake, hana ruhusa ya kuing'oa bure ikiwa hakushurutisha hapo mwanzo. Ama aiache kwa ujira, ama ailipie thamani, ama aing'oe na alipe kilichopungua. Lau tutasema hakuruhusiwa ila mchicha peke yake, bado ningeweza kuwapatanisha. Kwani mwenye nyumba hakuchelea majani, alichelea dai. Na dai huondoshwa kwa neno moja mbele ya mashahidi wawili: "Ninapanda nile, wala sidai, siku ukitaka mahali pako, nipe muda nichume, nami nitang'oa."

Wako wasemao ya kwamba mpangaji na asipande kitu cha kukaa kabisa, kwani atahama, na ataliwa jasho lake. Mimi sioni hivyo. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas ya kwamba Muislamu akipanda mche au akiotesha mbegu, kisha akala mtu au ndege au mnyama, huwa ni sadaka yake. Wala hatukuambiwa mpandaji awe na hati, wala kwamba mlaji awe mwanawe. Tulichokatazwa ni kupanda kwa nia ya kunyang'anya, na kung'oa kwa kiburi.

Nilirudi miezi mitatu baadaye nimtake radhi mama yule, nikaambiwa amehamia Kawangware. Nikamfuata. Nilimkuta amepanda nderema na sukuma wiki katika gunia mlangoni, lililojazwa udongo na samadi, na nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji, na matundu ubavuni ya miche, kama watu wengi wa Kibera walivyofundishwa tangu mwaka 2008. Akanisamehe, Mwenyezi Mungu amlipe, kisha akasema, "Hili nikihama, nahama nalo. Lakini Shekhe, gunia halitoshi muhogo."

Neno hilo sikuwa na jawabu yake. Gunia ni hila njema ya asiye na mahali, lakini halimwondolei mwenye mahali wajibu wake. Wewe mwenye kiwanja, hapa Mombasa au Lamu au Nairobi, ikiwa mpangaji wako ataka shubiri chache za ukutani, mpe, na mwandikiane. Nawe mpangaji, omba kabla ya kupanda. Nawe uliyewekwa kuamua baina ya watu, usiharakishe kama nilivyoharakisha, kwani mzizi ukisha kung'olewa, fatwa ya pili haiurudishi ardhini.

Wabillahi tawfiq.