Diski ya mtu mwingine

Niliinunua Sumbawanga, ya mtumba, GB 500, na ilionekana tupu. Nilipoifikisha Chala, wenzangu wakarudia ubishi wetu wa kila siku: diski ya kuzunguka au SSD, prosesa ipi inafaa kuhariri video. Mmoja akasema tuijaribu kwa programu ya kurudisha mafaili. Ukifuta faili kwenye diski ya kuzunguka, kinachoondoka ni anwani yake tu. Lenyewe hubaki palepale mpaka jingine liandikwe juu yake.

Zikatokea picha za msiba. Mama mmoja, jeneza, watoto waliovalishwa sare.

“Umenunua, ni zako,” akasema. Nikamwambia nimelipia chuma. Ukikuta barua mfukoni mwa koti la mtumba, umenunua na barua? Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ila hapo mezani hakuna aliyeikumbuka, hata mimi.

Kuandika sifuri diski nzima ni kazi ya saa chache. Lakini kama mama yule hana nakala nyingine? Muuzaji hajui ilikotoka.

Iko kabatini. Nahariri kwenye ile ya zamani, GB 80, imejaa.