Wako Wengi, Mmoja Atapungua Nini?



Jumapili iliyopita baada ya ibada, mtoto mmoja wa shule ya Jumapili alinivuta shati. Alikuwa amemwona mjusi ukutani nyuma ya kanisa, akataka kumpeleka nyumbani amfuge kwenye ndoo. Nikamwambia amwache. Akaniuliza, "Kwani kuna ubaya gani, anko? Si wako wengi?" Nilimpa jibu la haraka, kama tufanyavyo watu wazima tukiwa na njaa. Lakini swali lake halikuniacha wiki nzima, kwa sababu liliwahi kunikuta mahali pengine.

Baadhi yenu mnajua kwamba kabla ya kufika huku nilikuwa dereva wa familia moja Riyadh, na baadaye Jeddah. Jangwa la kule lina mjusi mkubwa ambaye Waarabu humwita dhabb, nasi madereva tukamwita dhabu. Akikomaa huzidi nusu mita, na mkia wake umejaa miiba. Ukimwona unaweza kuogopa, kumbe chakula chake ni majani. Asubuhi ya baridi ngozi yake huwa nyeusi-nyeusi. Akishaota jua hugeuka manjano. Huchimba shimo refu la mita kadhaa, na shimo hilo ndilo uhai wake. Humkinga na joto la kiangazi, na miezi ya baridi hulala humo.

Wenyeji wamemla dhabu tangu zamani. Jangwa likichipua majani baada ya mvua, watu hutoka kumwinda, wengine kwa kumwaga maji shimoni mpaka atoke. Ukifika mahali ambapo bado wapo, utasema hawataisha kamwe. Lakini IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, limemweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Biashara yake kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa CITES, ambao Saudi Arabia ilijiunga nao mwaka 1996. Na sheria ya mazingira ya nchi hiyo ya mwaka 2020 inaadhibu anayewinda wanyamapori bila kibali.

Mtoto wa bosi wangu alikuwa na dhabu mmoja, aliyenunuliwa kando ya barabara. Alimweka juu ya dari la nyumba, ndani ya sanduku la mbao. Wiki mbili za kwanza alimpenda sana. Baada ya hapo kazi ya kumpelekea majani ikawa yangu. Nilipomuuliza yule kijana kwa nini alimtaka, alinijibu vilevile kama mtoto wetu wa hapa: wako wengi, mmoja atapungua nini?

Hesabu hiyo inadanganya, kwa kuwa kila mtu huhesabu mmoja wake tu. Kule Arabuni palikuwa na choroa weupe, wakakimbizwa kwa magari na bunduki. Wa mwisho porini waliuawa Oman mwaka 1972. Ninaamini karibu kila mwindaji alijiambia kwamba yeye anachukua mmoja.

Lakini hata kama dhabu wasingepungua, swali lingebaki. Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inazungumzia mtu anayekuta kiota cha ndege njiani. Anaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama lazima amwache aende zake. Huyo ni ndege wa njiani tu, wa kila siku, na bado Mungu aliweka mpaka. Naye Bwana Yesu, alipotaka kueleza jinsi Mungu anavyokumbuka, alitaja shomoro, ndege wa bei ya chini kabisa sokoni. Kuwa wengi hakumfanyi hata mmoja wao asahaulike.

Mtu anaweza kuniuliza: je, kumfunga mnyama ni vibaya siku zote? Hapana. Choroa wale weupe waliokolewa na uzio. Wachache walizalishwa katika bustani za wanyama, baadhi yao Phoenix, Marekani. Mwaka 1986 kituo cha kuzalisha wanyama kikaanzishwa karibu na Taif, na kuanzia mwaka 1990 choroa wakarudishwa katika hifadhi ya Mahazat as-Sayd. Walifungwa ili siku moja warudi jangwani. Dhabu wa kwenye dari alifungwa ili kijana afurahi, na furaha ilipokwisha, sanduku halikufunguka.

Hapo ningeweza kuishia, na ningeonekana mtu mwema katika habari hii. Sikuwa.

Bosi alipohamia Jeddah, niliambiwa nimtupe yule mjusi. Ilikuwa Januari. Nikamtia garini, nikaendesha hadi ng'ambo ya Thumamah, kaskazini mwa Riyadh, nikamweka mchangani. Nakumbuka nilivyojisikia. Nilikuwa mtu ambaye hata kutoka nje ya geti lazima aombe ruhusa, na leo mimi ndiye ninayemfungulia mwingine! Niliomba, nikamshukuru Mungu, machozi yakanitoka. Dhabu hakukimbia. Alibaki palepale, mweusi kwa baridi. Nikadhani anashangaa uhuru wake. Nikaondoka.

Kule Jeddah nilimsimulia mlinzi wa jengo letu, mzee aliyezaliwa jangwani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, ulimwachia shimo gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemlisha miezi mingi, lakini sikuwahi kujifunza kwamba wakati wa baridi dhabu bila shimo hana pa kujificha. Kijana alimfunga ili yeye afurahi. Mimi nilimfungulia ili moyo wangu upoe. Kati yetu wawili, sijui nani alimdhuru zaidi.

Mwaka huohuo, katika nyumba ya jirani, kulikuwa na dada wa kazi kutoka Kenya. Simlinganishi binadamu na mjusi. Nawaambia tu mahali ambapo swali la mzee lilinisaidia. Pasipoti yake ilikuwa kabatini kwa mwajiri, na mkataba wake ulikuwa umekwisha. Sisi madereva tulikuwa tukimwambia kupitia dirishani, "Kimbia tu, dada!" Tulijiona mashujaa. Naye akatuuliza, "Nikimbilie wapi? Bila ikama, bila tiketi, nikishaandikiwa kwamba nimetoroka?" Hata mageuzi ya mwaka 2021 yaliyorahisisha kubadili mwajiri kule hayakuwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Alikuwa anatuuliza habari za shimo.

Tukaacha kumpigia kelele, tukaanza kumsikiliza. Alihitaji mtu wa kupiga simu ubalozini Riyadh, nakala ya mkataba wake, na nauli. Tulichanga. Ilichukua miezi mitano, bila shangwe yoyote, na hakuna aliyelia machozi ya furaha kama yale yangu ya jangwani. Lakini alifika kwao.

Kwa hiyo, mwanangu uliyenivuta shati, jibu langu ni hili. Ubaya si kumpenda mjusi. Mpende, lakini uanze kwa kumtazama. Njoo Jumapili tatu mfululizo na daftari lako. Tazama anaota jua saa ngapi, anakula nini, na akishtuka anakimbilia ufa upi. Ukishayajua hayo, nina hakika hutauliza tena kuhusu ndoo, maana utakuwa umeona kwamba tayari ana nyumba.

Nasi wazazi tunaopenda kusaidia, tuliochukua ndugu kutoka nyumbani tukawaweka vyumbani mwetu, au tuliowaambia watu wazima "ondoka tu" bila kujua wataenda wapi, tujiulize kabla ya kufunga mlango na kabla ya kuufungua: ninafanya hili kwa ajili yake, au kwa ajili ya moyo wangu? Na shimo lake liko wapi?

Wiki hii zungumzeni swali hili mezani pamoja na watoto. Mungu awabariki.