Dhahabu kwa Bei ya Shaba



Leo tuongee biashara ya vitu vya mtumba, maana hapo ndipo dhamiri za wengi wetu huenda likizo. Swali ni hili: ukijua thamani ya kitu kuliko yule anayekuuzia, una wajibu wa kumfungua macho? Au ujuzi wako ndio mtaji wako, na asiyejua shauri yake?

Aliyeniuliza ni kijana Mtanzania anayesoma hapa Roma, ambako nami nipo kwa masomo ya teolojia. Yeye hununua mashine kuukuu za kahawa, anazikarabati na kuziuza, ndivyo anavyopata kodi ya chumba. Sasa jirani yake, bibi mjane, anahama na anatoa vitu vya marehemu mumewe. Kabatini kuna La Pavoni Europiccola ya zamani, mashine ya espreso ya mpini. Bibi akamwambia, mwanangu, hilo chuma limekufa, nipe euro 20 ulichukue. Jamaa anajua kabisa kwamba likitengenezwa litauzwa kwa mamia ya euro. Akaniandikia: “Frateri, nikinyamaza ni dhambi? Mbona sijamdanganya hata neno moja.”

Kwa asiyejua, Waitaliano hawana mzaha na kahawa. Mwaka 1938 Achille Gaggia wa Milano aliandikisha hataza ya njia ya kutengeneza kahawa bila kutegemea mvuke, na baada ya vita mashine zake za mpini ndizo zilizoleta lile povu la rangi ya dhahabu juu ya kikombe. Europiccola ilitoka mwaka 1961 kwa ajili ya nyumbani. Ina boila ndogo, pistoni na mpini, basi. Haina pampu wala springi. Unainua mpini, maji ya moto yanaingia juu ya kahawa, unaushusha kwa nguvu za mkono wako, na presha ni wewe mwenyewe. Mipira yake ikikauka, mashine inavuja na mwenye nyumba anadhani imekufa. Kumbe unabadilisha mipira, unayeyusha chokaa ya maji ya Roma kwa asidi ya limau, na inarudi kazini kwa miaka mingine mingi. Bibi hakujua hilo. Mumewe huenda alijua.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anaigusa kesi hii karibu moja kwa moja, katika Summa, sehemu anayozungumzia udanganyifu katika kununua na kuuza. Wengi tunajua anamkemea muuzaji. Tunasahau kwamba anamgeukia na mnunuzi. Mtu akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi anajua, mnunuzi huyo amenunua bila haki na anapaswa kurudisha. Naye Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya Utatu, anasema alimjua mtu aliyeletewa kitabu kwa bei ya kutupa, akaona muuzaji hajui thamani yake, akamlipa bei ya haki bila hata kuombwa.

Jamaa yangu hakukubali kirahisi, na nampenda kwa hilo. Alinijibu kwa Injili: Mathayo 13, yule mtu aliyekuta hazina shambani, akaificha, akauza vyote na kulinunua shamba. Je, alimwambia mwenye shamba? Hapo nilicheka kidogo, halafu nikakaa kimya. Lakini Bwana wetu katika mfano ule anazungumzia thamani ya Ufalme, kwamba mtu aachie vyote kwa furaha. Hatufundishi namna ya kununua mashamba, kama vile msifiwa wa Luka 16, yule wakili asiye mwaminifu, hatufundishi kuchakachua hati za madeni. Mfano una jambo moja unalolilenga.

Hoja yake ya pili ina uzito zaidi. Alisema: “Ujuzi nao ni kazi, Frateri. Nimekesha nikijifunza mashine hizi.” Ni kweli. Na Mtakatifu Thomas mwenyewe ana kesi inayomsaidia: mfanyabiashara anayepeleka ngano mahali ambapo bei iko juu, naye anajua kwamba wengine wanakuja nyuma na ngano nyingi. Kwa haki halazimiki kusema, ingawa akisema, au akipunguza bei, atakuwa na fadhila zaidi. Cicero, aliyeijadili kesi kama hiyo karne nyingi kabla yake, alikuwa mkali zaidi: asifiche.

Sasa bibi yetu ni kesi ya ngano au kesi ya dhahabu? Mimi naona ni ya dhahabu. Mwenye ngano anajua habari za kesho. Kitu kinachouzwa kinaeleweka na pande zote mbili. Bibi hajui kitu chenyewe ni nini. Yeye anauza chuma chakavu, jamaa ananunua mashine. Hawakukubaliana juu ya kitu kimoja, ingawa wamepeana mikono. Katekisimu, namba 2409, inahesabu katika amri ya saba hata kupandisha bei kwa kutumia kutojua kwa mwenzako au shida yake. Sioni kwa nini kuishusha kwa njia ileile kuwe halali.

Hiyo haimaanishi ampe mamia yote. Bei ya haki haipimwi kwa rula, na faida kama ujira wa kazi inaruhusiwa. Mipira, vipuri na saa za kusugua boila ni kazi. Nilimshauri amwambie wazi: bibi, ikipona inauzwa kiasi hiki, matengenezo yananigharimu kiasi hiki, naweza kukupa hiki. Bibi akisema bado anataka 20, kwa sababu anampenda au anataka kabati liwe tupu, hiyo ni zawadi, aipokee kwa shukrani. Ila huwezi kupewa zawadi na mtu asiyejua kwamba anatoa.

Halafu kuna siku ya kuuza, na hapo zamu inageuka: anayejua ni yeye, asiyejua ni mteja. Mtakatifu Thomas anasema farasi mwenye jicho moja huhitaji kumtangaza, mnunuzi anaona mwenyewe, mradi bei iwe ya farasi wa jicho moja. Kromu iliyobanduka ni jicho hilo. Vali ya usalama iliyoganda ni jambo jingine kabisa: boila limefungwa, presha inapanda, na mtu amesimama jikoni. Kasoro iliyofichika yenye hatari lazima isemwe.

Anaongeza kwamba muuzaji halazimiki kuipigia mbiu sokoni. Inatosha kumwambia yule anayekuja kununua. Hapa mimi ningeenda mbele kidogo, maana soko la jamaa yangu ni simu. Mteja akishapanda treni kutoka Napoli, ukimwambia mlangoni umeshamfunga kwa nauli yake. Kwa hiyo kwenye tangazo aandike: mipira mipya, vali ya usalama mpya, kromu imebanduka upande wa chini, koili ni ya zamani na sijui itadumu muda gani.