Sarafu za Kidijitali katika Mizani ya Fikihi

Mafakihi huanza kwa kuuliza kama bitcoin ni mali halali. Mwaka 2018 Mufti wa Misri, Shawki Allam, aliiharamisha, akitaja gharar, yaani biashara yenye utata na hatari, na kukosa mamlaka inayoidhamini. Hoja hiyo ni nzito. Kibarua wa Johannesburg akituma bitcoin asubuhi, mama yake Harare anaweza kuikuta imeshuka thamani jioni, na hakuna aliyeiba. Sarafu zilizofungamanishwa na dola, kama USDT, hupunguza hatari hiyo, lakini amana huhamia kwa kampuni inayotunza akiba. Hawala ya Wasomali, yaani utumaji fedha kupitia mawakala, nayo husimama juu ya amana, ila wakala wake hujulikana kwa jina na ukoo, na hudaiwa mbele ya wazee.