Tuyahoji Mawazo Yetu

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja tu, Desemba hata Aprili. Zikichelewa, baba wa Kizota mwenye shamba hukesha akiwaza, "Mwaka huu tutakufa njaa," na asubuhi humkaripia mkewe bure. Je, analijua kweli jambo hilo, au ni hofu tu? Mtakatifu Ignasi wa Loyola, alipougua jeraha la vita mwaka 1521, aliyapima mawazo yake: mengine yalimwacha na ukavu moyoni, mengine na furaha ya kudumu. Nasi kila jioni tuyahoji yetu mbele ya Mungu. Lililo katika uwezo wetu tulitende: tupande mtama, tuweke akiba. Yaliyosalia tumwachie Yeye, tukalale kwa amani.