Deni la Mtafiti

Katika vyuo vikuu vyetu wamo wataalamu ambao kazi yao si kupima udongo wala kutafuta dawa ya malaria, bali kuchunguza mambo ya watu: lugha wanayosema, hadithi wanazosimuliana, ngoma wanazocheza, habari wanazosikiliza redioni, na jinsi wanavyooana, wanavyorithiana na wanavyopatana baada ya kugombana. Kazi hiyo yaitwa utafiti, na wengi wetu twaijua kwa sura moja tu. Kijana msomi hufika kijijini na barua ya kibali, huketi na wazee, huuliza maswali mengi, huandika au hunasa sauti zao, hushukuru, kisha huenda zake. Baada ya miaka michache huitwa daktari wa falsafa. Wazee wale hawajui hata leo aliandika nini juu yao.

Swali tunalopenda kulitazama juma hili ni hili: je, msomi yule adaiwa kitu na watu wale? Au shukrani yake ya mlangoni yatosha?

Wako wasemao kwamba hadaiwi kitu. Maarifa, wasema, si kama ng'ombe, ambaye akitoka katika zizi langu akaingia katika zizi lako mimi nimebaki bila ng'ombe. Mzee aliyesimulia hadithi angali nayo hadithi yake. Methali haipungui kwa kuandikwa. Tena elimu ni mali ya wanadamu wote, wala hakuna ukoo wala kabila liwezalo kuifungia sandukuni. Hoja hiyo ina nguvu, na hatuna haki ya kuipuuza. Lakini yafaa tuipime kwa mambo yaliyotokea kweli. Na tuchukue mahali pamoja, Bagamoyo, kwa kuwa watafiti wa lugha na desturi wamefika huko tangu zamani.

Mwaka 1903 kilipigwa chapa mjini Göttingen, Ujerumani, kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Ndani yake zimeelezwa desturi za watu wa pwani: kuzaliwa na malezi ya watoto, ngoma, arusi, mazishi na mengine mengi, kwa Kiswahili kizuri ambacho wanafunzi wa lugha hukisoma mpaka sasa. Aliyetajwa juu ya kitabu kuwa mkusanyaji na mfasiri ni Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika Berlin. Lakini sehemu kubwa ya maneno yenyewe ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyechukuliwa Berlin mwaka 1900 afundishe Kiswahili huko. Mwaka 1905 Mtoro alitaka kurudi kwao pamoja na mke wake Mjerumani. Wakuu wa koloni hawakukubali washuke Dar es Salaam kama mume na mke, ikambidi arudi Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927. Jina lake halikuwekwa wazi juu ya kitabu hicho mpaka ilipotolewa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1981, yaani baada ya miaka 78.

Sasa tumwulize yule asemaye kwamba mtoa maarifa hapungukiwi na kitu. Ni kweli, Mtoro hakusahau desturi za kwao kwa sababu ziliandikwa. Lakini alikosa jina lake, nalo jina ni sehemu ya haki ya mtu aliyefanya kazi. Mwingine alipata heshima ya mtaalamu; yeye alihesabiwa kuwa mfano wa watu wanaochunguzwa, ingawa ndiye aliyekuwa akifundisha.

Mfano wa pili ni wa mtu tunayemheshimu sana. Padre Charles Sacleux, wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifika Zanzibar mwaka 1879, akafanya kazi huko na Bagamoyo kwa miaka mingi. Huko alikusanya maneno kwa uvumilivu usio wa kawaida, akiandika kila neno ni la lahaja gani: ya Unguja, ya Mvita, ya Amu, ya Ngazija na nyinginezo. Kamusi yake ilitoka Paris katika juzuu mbili, mwaka 1939 na mwaka 1941, yenye kurasa zaidi ya elfu moja, na mpaka leo wataalamu wa lahaja hawawezi kuiacha. Bila yeye maneno mengi ya pwani yangepotea bila kuandikwa. Walakini kamusi hiyo inaeleza Kiswahili kwa Kifaransa. Mjukuu wa mtu aliyemweleza Padre neno fulani, akitaka leo kusoma habari za neno la babu yake, hana budi kwanza ajifunze Kifaransa.

Hatusemi haya ili kumlaumu marehemu. Aliandika kwa lugha ya watu waliokuwa tayari kuichapa kazi yake, na wakati ule asingeweza kufanya vingine. Lakini mfano huu watufundisha kwamba deni laweza kubaki hata pale ambapo hapakuwa na nia mbaya. Mwenye kukopa mbegu kwa jirani akavuna vizuri, hasamehewi deni kwa sababu alikuwa mtu mwema na mkulima hodari. Na mavuno ya mtafiti yaonekana wazi: shahada, mshahara, cheo, na jina linalotajwa katika vitabu vya wengine. Hayo yote asingeyapata kama watu wasingemfungulia milango, wakampa siku zao za kazi na kumwamini kwa habari zao. Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Basi hatuoni jinsi mtafiti awezavyo kusema kwamba hadaiwi.

Adaiwa nini, basi? Kwanza, adaiwa jina. Mzee aliyemfundisha kama mwalimu atajwe kama mwalimu. Lakini hapa pana tofauti ya kuangalia: mtu aliyemfunulia siri za nyumba yake, ugonjwa wake au ugomvi wa ukoo wake, huyo adaiwa kufichwa jina, wala si kutajwa. Mwenye busara atajua yupi ni yupi, na akiwa na shaka atawauliza wenyewe.

Pili, adaiwa ukweli. Asiwapambe watu ili wapendeze, wala asiwachafue ili kitabu chake kisomwe. Kama katika uchunguzi wake ameona wajane wakinyang'anywa mashamba, na aseme hivyo, hata kama wazee waliompokea watakunja uso. Deni lake kwao si sifa.

Tatu, adaiwa kurudisha. Ayarudishe yale aliyoyapata, kwa lugha wanayoisoma, mahali wanapoweza kuyafikia. Hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote.

Watu wa vyuo watatujibu kwamba wao hupandishwa cheo kwa makala zitolewazo katika majarida ya Kiingereza ya nchi za mbali, na kwamba mtaalamu hana budi kusomwa na wataalamu wenzake, wampime na kumsahihisha. Ni kweli, wala hatumtaki aache kufanya hivyo. Twasema tu kwamba kulipa deni moja hakufuti la pili. Kurasa kumi za Kiswahili chepesi, zikiachwa katika shule, katika ofisi ya kijiji na katika parokia, hazimzuii mtu kuandika Kiingereza.

Wengine watasema kwamba wanakijiji hawatazielewa habari za kitaalamu. Hao na wakumbuke mwaka 1973, ilipofanyika nchini Tanzania kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana juu ya maji, vyoo na mbu, kisha wakashika majembe wakachimba. Watu hao hawakushindwa kuelewa habari za vijidudu, kwa kuwa walielezwa kwa lugha yao na kwa heshima. Watashindwaje kuelewa habari zao wenyewe?

Tena si kwamba jambo hili halijapata kufanywa. Huko huko Bagamoyo, kati ya mwaka 1975 na mwaka 1979, watafiti kutoka Ufini pamoja na Watanzania walifanya kazi ya mradi ulioitwa Jipemoyo. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Marja-Liisa Swantz, aliyekuwa amekwisha kuishi miaka kadhaa kati ya Wazaramo. Walifuata njia iitwayo utafiti shirikishi: mwanakijiji haulizwi tu kisha akaachwa, bali hushiriki kulitaja tatizo, kulichunguza na kutafuta la kufanya. Na katika lugha, tulikuwa nayo mpaka mwaka 2009 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mizizi yake ni kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 chini ya serikali za kikoloni. Mwaka 1964 ikawa taasisi ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1981 ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo maneno ya Kiswahili yameelezwa kwa Kiswahili, na mtoto wa shule aweza kuifungua bila mkalimani. Hivyo ndivyo maneno yanavyorudi nyumbani.

Ndugu wasomaji, sisi nasi tunayo sehemu yetu. Wengi wetu tuna watoto vyuoni wanaosoma lugha, historia, uandishi wa habari au elimu ya jamii, na mara nyingi twawauliza jambo moja tu: utaajiriwa wapi? Tuwaulize na lingine: wale uliowahoji wamekwisha kupata ulichoandika? Mwanafunzi anayeulizwa hivyo na mama yake atalikumbuka kuliko akiulizwa na mwalimu wake. Na siku mtafiti atakapobisha hodi kwetu, tumpokee vema, tumjibu kweli, tusimbunie hadithi ili aondoke upesi, wala tusigeuze kila jibu kuwa bidhaa ya kuuza. Lakini kabla hajafungua daftari, tumwulize kwa adabu: utaturudishia nini, lini, na kwa lugha gani? Kumwuliza hivyo si ukaidi, ni haki yetu, naye akiwa mtaalamu wa kweli atafurahi kuulizwa.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti ni mgeni hata akiwa amezaliwa kijiji cha jirani. Wenyeji wamekwisha kumpa kiti, maji na maneno yao, na sasa wangojea kusoma alichoandika.