Amana ya Mwenye Kuonya

Sisi wa Mata, katika ardhi ya Taveta, tu mbali na Uyombo, kule Kilifi, ambako serikali ilikusudia kujenga kinu cha nyuklia na wenyeji wakakipinga hadharani mwaka 2024. Lakini wajibu wa kuonya hauna mpaka wa kaunti. Huko Pripyat, mji ulio jirani na kinu cha nyuklia cha Chernobyl, baada ya kinu hicho kulipuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, raia waliachwa takriban saa 36 kabla ya kuhamishwa, ilhali wakuu walikuwa na habari. Kuficha hatari kwa kisingizio cha kuepusha taharuki, kwa itikadi yangu, ni khiyana, kwani uhai ni amana ya Mola, na Nabii Nuhu hakungoja gharika ndipo anadi. Twaiomba serikali, basi, ifunge ving'ora na kuwafundisha watu maana yake kabla ya kinu chochote kuwashwa.